Kabla Hujalipia Somo la Kutengeneza Programu za Simu, Lipime kwa Jioni Moja

Mchana natengeneza simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Jioni nikisharudi Tandika, vijana watatu wanne wa mtaani huja na laptopu zao sebuleni kwangu, tunajifunza kutengeneza programu za simu. Kila mgeni huanza hivyo hivyo: "Shikamoo dada. Nianze na somo gani?" Masomo yamejaa kila kona, na bando linanunuliwa. Nawaandikia hapa ninachowaambia wao.

Tazama tarehe kwanza. Nalisema hili kwa uchungu. Nilinunua flashi iliyojaa video za Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu za simu, muuzaji akaniapia kwamba ni kozi kamili. Kwenye somo la tatu mwalimu anaweka kitufe: anaandika RaisedButton, kitufe kinatokea. Naandika mimi, herufi kwa herufi, unakuja mstari mwekundu. Nikafuta, nikaandika tena. Nikaondoa kila kitu kwenye laptopu nikaweka upya, bando la wiki likaishia hapo. Siku nne nzima najiona mimi ndiye sina akili ya kazi hii. Kumbe tangu 2020 kitufe kile kilishapata mrithi, ElevatedButton, na baadaye cha zamani kikaondolewa kabisa. Somo ndilo lililokuwa limezeeka. Na si vitufe tu: Dart, lugha ya Flutter, ilipofika toleo la 3 mwaka 2023 iliacha kukubali msimbo (maandishi ya programu) wa mtindo wa zamani, kwa hiyo kazi ya 2019 ukiichukua ilivyo haiwaki.

Upande wa Android ni vivyo hivyo. Google iliikubali Kotlin, lugha ya kuandikia programu, mwaka 2017, na mwaka 2019 ikaipa nafasi ya mbele kuliko Java, lugha iliyotumika zamani. Mwaka 2021 ikatoka rasmi Jetpack Compose, namna mpya ya kupanga vitu kwenye skrini. Ukimkuta mwalimu anatumia Java na mafaili ya XML, namna ya zamani ya kupanga skrini, hadanganyi, na kazini utakutana na msimbo wa namna hiyo. Ila anayeanza leo asianzie huko.

Halafu angalia mashine uliyonayo. Android Studio, programu ya kompyuta unayotengenezea programu za Android, inataka RAM isiyopungua GB 8. Ukiwa na GB 4 utashinda unaangalia duara linazunguka. Mwenye laptopu dhaifu namwanzishia kwenye DartPad au Kotlin Playground, ambazo zinafunguka kwenye kivinjari tu, hata cha simu. Humo utajifunza lugha yenyewe bila kupakua kitu, na wiki mbili tatu za namna hiyo hazipotei bure. Somo likikulazimisha kuwasha simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, usihangaike nayo: chomeka simu yako halisi kwa waya. Ingia kwenye mipangilio, tafuta mstari ulioandikwa Build number, uguse mara 7, kisha kwenye menyu ya Developer options itakayofunguka ruhusu USB debugging. Masomo ya iPhone yaache kama huna Mac, kwa sababu Xcode, programu ya kutengenezea za iPhone, haiendi kwenye Windows.

Sasa kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Chukua somo la kwanza, jioni moja, ufuate hadi mwisho. Kisha lifunge, ubadilishe kile ulichotengeneza kiwe cha kwako.

Mfano ni kozi ya bure ya Google yenyewe, Android Basics with Compose, ninayoanza nayo mimi. Kwenye sehemu ya kwanza unatengeneza kadi ya heri ya siku ya kuzaliwa. Kijana mmoja alipoimaliza nikamwambia: dada yako anaolewa, igeuze iwe kadi ya mchango wa harusi. Akaandika "Tunaomba mchango wako kufanikisha harusi", akachomeka simu, na maneno yakajaa skrini nzima hadi mengine yakapotea chini. Akanitazama. Nikanyamaza. Akarudi kwenye msimbo, akasoma mstari mmoja mmoja kwa kidole, akakuta fontSize, yaani ukubwa wa herufi, imeandikwa 100.sp. Akaweka 40. Maneno yakakaa. Akaongeza jina la bibi harusi na tarehe ya mwisho ya kutoa mchango, bila kuniuliza lolote.

Somo lililomfikisha pale ni zuri, kwa sababu kila mstari lilieleza unafanya nini. Yapo masomo ambayo mwalimu anakimbia, anabandika kurasa nzima, na mwisho una programu nzuri usiyoweza kuigusa. Ukishindwa kubadilisha hata rangi, liache, hata kama umelilipia.

Kiingereza kisikurudishe nyuma. Weka daftari, andika kila neno jipya na maana yake kwa Kiswahili chako, kisha mweleze mtu wa nyumbani. Mama yangu anajua kitanzi cha kurudiarudia ni nini, kwa sababu nilimfananishia na kuzunguka na sahani ya ubwabwa hadi wageni wote wapate.

Na ushike somo moja. Ukiwa na matano, kila moja litakuanzishia upya, na hutavuka sura ya pili.

Yule kijana wa kadi nilimruhusu kununua bando la mwezi siku ile ile. Sasa yuko sehemu inayofuata, anatengeneza programu ya kurusha dadu.