Somo: Kuzuia kutu na ukoko upande wa moto, boila za mafuta mazito

Wakuu, boila nyingi za huku kwetu nyanda za juu huliwa na kutu zikiwa zimezimwa. Mafuta mazito yana salfa. Yakiungua, sehemu ndogo ya salfa hiyo huishia kuwa asidi, nayo hugeuka matone kwenye chuma kilichoshuka chini ya nyuzi 120 hadi 150 hivi. Boila ikiwa kwenye bar 10, maji yake yana nyuzi 184, mirija iko salama. Izime Ijumaa, baridi ya Julai pale Mafinga, uone Jumatatu.

Hatua ya 1: Hewa. Hapa ndipo wengi tunakosea. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Bana (kichomea mafuta) iliyosetiwa Dar ikifika huku inatoa masizi tu. Iseti upya kwa kipimo cha moshi, oksijeni asilimia 3 hadi 4. Usifungue dampa (mlango wa hewa) mpaka mwisho ukidhani unasaidia. Oksijeni ikizidi, asidi nayo inazidi.

Hatua ya 2: Toa maji chini ya tangi kila wiki, pasha mafuta vizuri kabla ya bana.

Hatua ya 3: Andika joto la moshi kila zamu. Mzigo ukiwa uleule na joto limepanda nyuzi 20, umepoteza kama asilimia 1 ya mafuta. Piga brashi mirija, utoe masizi.

Hatua ya 4: Ukizima kwa muda mrefu, subiri ipoe, funga mafuta na umeme, vaa miwani na glavu. Piga brashi kwanza. Ukikuta unga wa kijani-manjano kwenye ncha za mirija, hicho ni chuma chako kilichokwisha kuliwa. Osha kwa maji ya moto yenye magadi soda mpaka karatasi ya litmasi isigeuke nyekundu, kisha washa moto mdogo siku hiyohiyo ikauke.

MASWALI

Mwanachama, Iringa: Kaka, nauziwa dawa ya magnesiamu ya kuzuia vanadi. Ninunue?
Jibu: Vanadi ni metali iliyomo kwenye mafuta mazito. Majivu yake huyeyuka kuanzia nyuzi 600 hivi na kula chuma chenye joto hilo, hasa mirija ya kukaushia mvuke kwenye boila kubwa. Magnesiamu huyafanya yasiyeyuke upesi. Yako ndogo ya kufulia haina mirija hiyo. Nunua brashi.

Mwanachama, Mbeya: Maji ya kuoshea nimwage mtaroni?
Jibu: Hapana mkuu, yana asidi na metali. Yakusanye kwenye pipa, uulize watu wa mazingira.

Mwanachama, Tukuyu: Shikamoo fundi. Yetu inakaa miezi miwili bila kazi.
Jibu: Marahaba. Kwa mvua ya huko, ziba dohani juu. Ndani weka trei za chokaa ambayo haijazimwa, ibadilishe ikishalegea. Na funga kibao kwenye swichi ya bana: DOHANI IMEZIBWA, USIWASHE.