Mkatoliki na Mlutheri mnataka kuoana? Kubalianeni haya mapema

Ndoa ya mseto inawezekana kabisa, ila ugomvi mkubwa huwa unasubiri mtoto azaliwe na bibi zake wote wawili waanze kuuliza anabatizwa wapi. Kwa hiyo anzeni hapo hapo kwa mtoto. Nendeni kwa paroko kabla kamati ya harusi haijaanza vikao, manake Mkatoliki anahitaji kibali cha kanisa na lazima aahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na walelewe Kikatoliki. Ahadi ni yake yeye, Mlutheri haahidi kitu ila lazima aambiwe, sasa wengine wanakuja kuisikia kadi zimeshachapwa na ukumbi umelipiwa. Mlutheri nawe kamwone mchungaji wako. Na asikutishe mtu eti utabatizwa upya, Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa Kilutheri.

Halafu kila mmoja aandike yapi dhamiri yake haiwezi kuyaachia na yapi ni mazoea tu. Jamani kuweni wakweli hapa! Paulo alimtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi wa kule (Matendo 16), ila kwa Tito Paulo akakataa katakata asilazimishwe kutahiriwa (Wagalatia 2), Paulo yule yule na tohara ile ile, alilegeza ili awafikie watu akakaza pale injili yenyewe ilipoguswa. Kwaya, jumuiya, saa za ibada, hayo yanapangika, mfano Mkatoliki anawahi misa ya kwanza afu mnaenda wote usharikani. Sadaka nayo, bahasha na zaka, pangeni kiasi pamoja. Komunyo ndo pagumu, kwenye misa Mlutheri kwa kawaida hapokei na inauma kweli, usimlaumu mwenzio kwa hilo.

Nani aanze kuachia? Mwanzo 13 Abramu ndo alikuwa mkubwa lakini akamwambia Lutu achague kwanza, kwa hiyo mwenye sauti zaidi nyumbani aanze yeye. Kama kila siku anayeachia ni mke tu, hapo hamjakubaliana chochote. Na kipigo au kuchepuka sio mambo ya kuridhiana kabisa.

Mkishaelewana kila mtu akaongee na wazazi wake mwenyewe, usimtume mchumba akajieleze kwa wakwe peke yake.