Prado au V8? Anza na futi kamba

Familia ya watu watano, mjini kila siku na mkoani mara mojamoja, Prado inatosha kabisa. V8, yaani Toyota Land Cruiser 200, inalipa ukibeba watu wazima saba au ukivuta trela zito.

Kabla ya kulipa, pima geti na maegesho. Prado 150 ina upana wa karibu sentimita 188, V8 karibu 198, bila vioo vya pembeni. Tatizo huwa kwenye kona ya kutoka uchochoroni, hapo ndipo rimu hukwanguliwa.

Siti za nyuma kabisa za Prado hulala sakafuni. Za V8 hukunjwa na kuning'inia ubavuni, zinakula nafasi ya mizigo.

V8 ya dizeli ina nozeli 8 (vipulizia mafuta ndani ya injini) na hunywa oili lita 9 hivi kila sevisi. Na V8 zilizouzwa Japani kwa soko la ndani ni za petroli tu, kwa hiyo ukiambiwa ni dizeli iliyotumika Japani, soma namba ya injini: 1VD ni dizeli, 2UZ na 1UR ni petroli.

Prado ya dizeli 3.0 (1KD) nayo ina ugonjwa wake mbaya. Wosha za shaba chini ya nozeli zikivuja, moshi huingia kwenye oili, masizi yanaziba chujio ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), injini inakosa oili na kufa. Mwambie fundi afungue sampo akague chujio hilo kabla hujatoa hela.