Kabla Hujaenda Treptower Park: Kujiandaa kwa Mnara wa Askari wa Kisovieti, Berlin

Kila mgeni anayefikia kwangu Berlin huja na orodha yake ya kutembelea: Lango la Brandenburg, mabaki ya ukuta, jengo la bunge. Huwa namwomba aniachie nusu siku moja nimpeleke Treptower Park, kwenye mnara wa kumbukumbu wa askari wa Kisovieti. Na kabla hatujatoka nyumbani huwa namkalisha kwanza tuzungumze, kwa sababu pale siyo mahali pa kufika kichwa kitupu. Kwa macho ni bustani kubwa yenye sanamu, lakini ni makaburi. Wamelala hapo askari zaidi ya 7,000 wa Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Umoja wa Kisovieti, waliokufa katika mapigano ya kuiteka Berlin mwaka 1945, wengine zikiwa zimebaki siku chache tu vita viishe. Nimeona watu wakipiga picha za kurukaruka hewani, kisha wakiambiwa wamesimama wapi, wanazifuta kimyakimya.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo safari nyingi huharibika. Kwa Kijerumani mahali hapa huitwa Sowjetisches Ehrenmal, na Berlin ina minara mitatu yenye jina hilohilo. Mmoja uko Tiergarten, karibu na Lango la Brandenburg, wa pili Schönholzer Heide upande wa kaskazini, na huu wa Treptow ndio mkubwa na ndio ninaouzungumzia. Mjomba wangu, mtu asiyependa kusubiriwa, alitangulia peke yake kwa kufuata ramani ya simu. Alinipigia akiwa na furaha: “Nimefika, wewe uko wapi? Mbona kuna vifaru viwili hapa?” Nikajua yuko Tiergarten, maana vifaru viko huko. Tulipoteza saa nzima. Kwa hiyo andika jina kamili pamoja na neno Treptower Park, na kituo cha kushukia kina jina hilohilo.

Usafiri ni rahisi. Treni za mjini zinazoitwa S-Bahn zinasimama Treptower Park, zikiwemo zile za mzunguko, S41 na S42, na tiketi ya kawaida ya eneo la AB inatosha. Jambo la kuangalia ni hili: ukinunua tiketi ya karatasi kwenye mashine, mara nyingi ni lazima uigonge kwenye kisanduku kidogo kilichopo jukwaani kabla hujapanda. Isiyogongwa inahesabika kama huna tiketi, faini yake ni euro 60, na wakaguzi mara nyingi huvaa nguo za kiraia. Ukishuka, fuata Puschkinallee, barabara yenye miti mikubwa pande zote mbili, utembee dakika kumi na tano hivi mpaka uone lango la mawe mkono wako wa kulia. Kiingilio hakuna na foleni hakuna. Kama unatoka Afrika Mashariki kwa viza ya Schengen, bima ya afya ya safari inayofikia euro 30,000 ni sharti, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usingoje wiki za mwisho.

Sasa, jua unachokwenda kukiona, kwa sababu mchongaji na wasanifu walipanga hata hatua zako. Ukishapita langoni huoni sanamu kubwa. Unamwona kwanza mama wa jiwe, ameinama, mkono kifuani, analia. Ndiye Mama Nchi, na watu wengi humpita haraka wakitafuta kikubwa zaidi. Mimi huwa nasimama kwake. Ameketi peke yake kabisa, na huo uso hauna ushindi wowote ndani yake. Kutoka kwake njia inageuka na kupanda taratibu katikati ya miti iliyoinamisha matawi, mpaka kwenye kuta mbili kubwa za granaiti nyekundu zilizochongwa kama bendera zilizoshushwa. Chini ya kila bendera kuna askari aliyepiga goti, mmoja kijana, mwingine mtu mzima. Ukisimama katikati yao ndipo uwanja wote unafunguka mbele yako, na kule mwisho, juu ya kilima, yuko askari wa shaba.

Ana urefu wa mita 12 hivi. Mkono wa kulia ameshika upanga ulioelekezwa chini, mkono wa kushoto amembeba mtoto wa kike, na chini ya buti lake kuna swastika, alama ya Wanazi, iliyovunjikavunjika. Mchongaji ni Yevgeny Vuchetich, yuleyule aliyechonga sanamu kubwa ya mama mwenye upanga kule Volgograd, Urusi. Husimuliwa kwamba alichochewa na kisa cha askari Nikolai Masalov, aliyemwokoa mtoto wa Kijerumani katikati ya risasi. Ukikaribia, angalia kiganja cha mtoto kilivyokamata kifua cha askari. Mtu anaweza kutazama upanga na swastika akasahau mtoto, na nadhani mtoto ndiye anayezuia sanamu hii isiwe ya majigambo matupu.

Katikati ya uwanja kuna majeneza 16 ya mawe meupe, manane kila upande. Usidhani kuna watu ndani yake. Ni alama ya jamhuri 16 zilizounda Umoja wa Kisovieti wakati ule. Miili imezikwa kwenye ardhi ya eneo hilo. Kwenye majeneza hayo kumechongwa picha za vita: vijiji vikiungua, akina mama wakiaga, wafanyakazi wakipeleka silaha. Na kuna maandishi ya dhahabu, upande mmoja kwa Kirusi na mwingine kwa Kijerumani, yote ni maneno ya Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti wa wakati ule.

Hapo ndipo mgeni anahitaji kujiandaa kweli. Mnara ulizinduliwa tarehe 8 Mei 1949, Stalin akiwa hai na madarakani. Mwaka 1961 serikali ya Ujerumani Mashariki iliondoa jina lake hata kwenye barabara kuu ya Berlin iliyoitwa Stalinallee, lakini maneno ya hapa yalibaki. Yapo mpaka leo kwa sababu Ujerumani iliahidi katika makubaliano yake na Wasovieti mwaka 1990 kwamba itaitunza minara hii na makaburi yake. Kwa hiyo unaweza kuwaheshimu waliolala pale bila kumheshimu aliyeandikwa kwenye mawe. Na usiwaite wote Warusi. Walikuwa Waukraini, Wabelarusi, Wakazakhi, Wauzbeki, Wageorgia na wengine wengi. Kwenye kibanda kilicho chini ya miguu ya sanamu kuna picha ya vipande vya rangi inayoonyesha watu wa jamhuri mbalimbali wakileta mashada. Usitegemee kuingia ndani, utaitazama ukiwa mlangoni.

Tarehe nazo zina uzito. Mei 8 na 9 huwa siku za mashada, nyimbo na umati mkubwa, na tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 siku hizo zimekuwa za mvutano pia. Polisi huwa wengi, na hutoa amri kuhusu bendera, mavazi ya kijeshi na riboni zinazokatazwa siku hizo. Kama unataka kuona watu wanavyokumbuka, nenda, ila soma amri ya mwaka huo kwanza, usikubali kushikishwa bendera na mtu usiyemjua, na usiingie kwenye mabishano ambayo huelewi lugha yake. Kama unataka utulivu, chagua asubuhi ya siku nyingine yoyote.

Kuhusu adabu, ukikumbuka namna unavyojiweka kwenye makaburi ya kwenu huwezi kukosea sana. Usipande juu ya majeneza wala kukalia ngazi na chipsi. Kuna moja tu ambalo ni la kisheria na halina mzaha: Ujerumani inakataza alama na salamu za Wanazi hadharani. Mtu anaweza kuona swastika chini ya buti akainua mkono “kwa picha tu”. Watalii wawili walikamatwa mbele ya bunge mwaka 2017 kwa picha ya namna hiyo. Ukisafiri na vijana, waambie kabla hamjatoka nyumbani.

Halafu miguu. Uwanja ni mpana na hauna kivuli wala kizuizi cha upepo, na kilima hakina lifti, kina ngazi ndefu tu. Mama mdogo, ambaye magoti yanamsumbua, aliona karibu kila kitu bila kupanda kilima, na hakujuta. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni na mawe huteleza, wakati Mei mwanga unakaa mpaka karibu saa tatu usiku. Jumapili maduka mengi hufungwa, hivyo nunua maji Jumamosi, na maliza haja zako kabla ya kuanza kutembea.

Liko jambo jingine ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulijua kabla ya kukanyaga bustani hiyo, na mimi mwenyewe nilichelewa kulijua. Mwaka 1896, miaka zaidi ya hamsini kabla ya mnara huu, Treptower Park ilikuwa na maonyesho makubwa ya biashara na viwanda, na ndani yake maonyesho ya makoloni ya Ujerumani. Karibu na bwawa la Karpfenteich, lililo jirani kabisa na mnara, watu 106 kutoka makoloni waliwekwa kwenye vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Walikuwemo Waswahili na Wamasai. Walitazamwa, wakapigwa picha, na mtaalamu Felix von Luschan akawapima miili baadhi yao. Mmoja wa Wakameruni, Kwelle Ndumbe, alinunua darubini ndogo ya ukumbi wa michezo akawa anawatazama wale waliokuja kumtazama. Kutokana na kisa hicho, maonyesho ya kudumu yaliyopo Museum Treptow, mtaa wa Sterndamm, yamepewa jina la Kijerumani zurückgeschaut, linalomaanisha kumrudishia macho anayekutazama. Kuingia ni bure, lakini siku na saa za kufungua ni chache, hivyo ziangalie mapema, na ukiweza anzia huko asubuhi. Ukitoka Sterndamm ukaja mpaka kwenye bwawa, hutaiona bustani kama alivyoiona mgeni mwingine.

Ukiwa na nguvu iliyobaki, weka kitambaa kidogo mfukoni na upande treni ya chini ya ardhi, U8, mpaka Rosenthaler Platz. Mbele ya nyumba namba 193 ya Brunnenstraße, chini kwenye njia ya waenda kwa miguu, kuna kibao cha shaba chenye upana wa sentimita kumi hivi. Ni cha Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, aliyetumikia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akaja Berlin mwaka 1929 kudai malipo yaliyobaki, akanyimwa. Alifundisha Kiswahili hapa na kuigiza kwenye filamu. Wanazi walimkamata mwaka 1941 kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mzungu, na alikufa kwenye kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944, miezi michache kabla ya wale askari wa Treptow kufika Berlin.

Mama mdogo hakupanda kilima siku ile, lakini pale Brunnenstraße alipiga goti, akatoa kitambaa, akakisugua kile kibao mpaka herufi zikang'aa. Akamwamkia: “Shikamoo, mzee.”