Kusafisha Majitaka ya Kijiji kwa Tangi na Kitanda cha Kokoto

Kijiji kidogo kinaweza kusafisha majitaka yake bila pampu wala umeme, mradi kichague mfumo ambao wanakijiji wenyewe wataumudu baada ya mafundi kuondoka. Penye mteremko kidogo, mfumo ninaoupendekeza ni tangi la kutuamishia uchafu likifuatiwa na kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, kwa kuwa maji hushuka yenyewe kutoka hatua moja hadi nyingine.

Anzeni na hesabu. Watu 100 wakitumia lita 60 kila mmoja kwa siku, na takriban asilimia 80 ya maji hayo yakarudi kama majitaka, mtapokea lita 4,800 kwa siku. Tangi linapaswa kuyashikilia kwa siku 2, yaani karibu mita za ujazo 10, na juu ya hapo iongezwe nafasi ya tope: ukikadiria lita 40 kwa kila mtu kwa mwaka, tope la miaka 3 litahitaji mita za ujazo 12 nyingine. Wengi huisahau nafasi hii ya pili, na ndiyo maana matangi yao hujaa mapema.

Mahali pawe mbali na visima, angalau mita 30, tena upande wa chini ya visima hivyo kwenye mteremko. Tangi ligawanywe vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili za urefu, na kila tundu la kuingilia na kutokea liwekewe bomba lenye umbo la T ili mafuta na povu linaloelea lisipite. Maji ya jikoni yapitie kwanza kwenye mtego wa mafuta.

Kitanda cha kokoto hutaka eneo kubwa: kwenye hali ya joto kadirieni mita za mraba 3 kwa kila mtu, na kwenye baridi 5 au zaidi. Chimbeni kina cha sentimita 60 hivi, mtandike sakafu kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa au nailoni nene, kisha mwage kokoto zilizooshwa. Msikubali kokoto zenye vumbi kwa sababu tu ni za bei rahisi, kwani vumbi hilo huziba nafasi ambamo maji hupita na bakteria wanaoula uchafu huishi. Mwanzoni na mwishoni mwa kitanda wekeni mawe makubwa zaidi ili maji yasambae upana wote. Uso wa maji ubaki sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto, kwa maana maji yakionekana juu, mbu watazaliana na harufu itatoka.

Kazi inayoamua hatima ya mfumo ni kupima tope kila mwaka. Chukueni mti mrefu, mviringishe kitambaa cheupe kwenye ncha ya chini, muushushe taratibu kupitia mfuniko hadi sakafuni, mngoje dakika chache, kisha mwutoe: sehemu iliyoganda weusi ndiyo kimo cha tope. Likifika theluthi moja ya kina cha maji, liondolewe. Likiachwa, litahamia kwenye kokoto, na kuzitoa na kuziosha kokoto hizo ni gharama ambayo vijiji vichache huimudu. Mtu yeyote asiingie ndani ya tangi, hata likiwa tupu, kwani gesi yake huua kwa pumzi chache. Inafaa fedha za kuondoa tope zichangwe kidogo kidogo tangu mwezi wa kwanza.

Maji yanayotoka mwishoni huwa maangavu, lakini uangavu si usalama, kwa sababu vijidudu vya maradhi hupungua bila kwisha. Yaelekezwe kwenye miti ya mbao au ya matunda, yakimwagwa shinani, na kamwe yasitumike kwenye mboga zinazoliwa mbichi.