Jinsi ya kuiomba serikali ya Uganda taarifa kuhusu ufuatiliaji wa raia

Ukienda kituo cha polisi kuuliza kama simu yako inasikilizwa, utarudi ulivyokwenda. Sheria ya Kudhibiti Unasaji wa Mawasiliano ya 2010, iliyopitishwa na Bunge siku chache tu baada ya mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai mwaka huo, haikumwekea raia dirisha la kuulizia. Inataja wanaoweza kuomba kibali: Mkuu wa Majeshi, Inspekta Jenerali wa Polisi, wakuu wa mashirika ya ujasusi wa ndani (ISO) na wa nje (ESO), au watu waliowateua. Inataja kwamba kibali hutolewa na jaji, kwa muda usiozidi miezi 3, na kwamba kinaweza kuongezwa. Kuhusu kumjulisha aliyesikilizwa, hata baada ya mambo kwisha, haisemi kitu. Sheria ya Kupambana na Ugaidi ya 2002 ndiyo kabisa: humo hata jaji hayumo, waziri ndiye anayemteua afisa wa kunasa simu, barua na akaunti za benki.

Kwa hiyo usipoteze nauli kufuata faili lako la ujasusi. Kuna sheria mbili nyingine zinazoilazimisha ofisi kukujibu. Ya kwanza ni Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005, iliyozaliwa na ibara ya 41 ya Katiba. Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, inayosimama juu ya ibara ya 27. Ile ya 2005 ni ya raia wa Uganda peke yao. Ile ya 2019 inamlinda yeyote ambaye data zake zinashikwa hapa nchini, awe Mkenya mwenye duka Busia au mkimbizi Mkongo aliyechukuliwa alama za vidole Nakivale.

Anza na swali, si na fomu

Maombi mengi yanaharibikia hapa. Mtu anaandika: "Nataka kujua kama serikali inanipeleleza." Ofisi inamjibu kwa mstari mmoja kwamba hayo ni ya usalama wa taifa, na sheria inampa afisa nafasi ya kukataa kwa sababu hiyo. Ombi limekufa, na kusema kweli lilizaliwa mgonjwa.

Uliza kuhusu karatasi ambayo lazima ipo. Chukua mfano wa namba za magari za kidijitali, ambazo mkataba wake serikali iliusaini mwaka 2021 na kampuni ya Kirusi. Swali zuri linakwenda hivi: "Naomba nakala ya mkataba wa mfumo huo, pamoja na mwongozo wowote unaoeleza kumbukumbu za safari za gari huhifadhiwa kwa muda gani na idara zipi zina ruhusa ya kuziona." Kamera za barabarani Kampala, zilizofungwa na polisi kwa vifaa vya Huawei, ziulizie vivyo hivyo: picha hukaa siku ngapi kabla ya kufutwa, na kwa mwongozo upi? Hata kuhusu kunasa simu unaweza kuomba idadi: katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2023, vibali vingapi viliombwa na vingapi vilikataliwa. Hujataja jina la mtu wala kesi. Wakikataa, watalazimika kueleza namba tupu inaihatarishaje nchi.

Weka maswali matatu au manne, yenye tarehe za mwanzo na mwisho. Kama jambo moja lina harufu ya usalama na mengine hayana, yaandikie maombi mawili tofauti, lisije moja likayazamisha yote. Sheria inataka sehemu isiyo na siri itolewe hata kama nyingine imezuiwa, lakini kwa nini umpe afisa kazi ya kuchambua?

Ukitaka data zako mwenyewe, kwa mfano zile zilizoko NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho vya taifa, au kwenye kampuni ya simu yako, tumia sheria ya 2019. Andika barua, ambatanisha nakala ya kitambulisho, kisha uliza mambo matatu: mnazo data zangu? Ni zipi? Mmempa nani mwingine? Hilo la tatu ndilo lenye uzito, kwa sababu laini yako imesajiliwa kwa NIN, namba ya kitambulisho chako cha taifa, na anayeishika NIN anaweza kuunganisha mengi. Wana siku 30 za kujibu. Kampuni binafsi haiguswi na sheria ya 2005, kwa hiyo kwa kampuni ya simu hii ndiyo njia.

Ofisi ipi, na kwa nani

Kila taasisi ya umma ina afisa habari wa kisheria, naye ni bosi mwenyewe: wizarani ni Katibu Mkuu, kwenye mamlaka ni Mkurugenzi Mtendaji, wilayani ni yule tunayemwita CAO, afisa mkuu wa utawala wa wilaya. Barua ielekezwe kwake, si kwa "yeyote anayehusika". Ukikosea ofisi, ile uliyoipelekea inatakiwa kulihamisha ombi lako kwenye ofisi inayostahili na kukuarifu, ingawa ni salama zaidi kulenga sawasawa tangu mwanzo.

Fomu iko mwishoni mwa Kanuni za Kupata Taarifa za 2011. Ijaze kwa Kiingereza. Katiba imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini masjala za wizara bado hazijapata habari hizo. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, anaruhusiwa kusema kwa mdomo. Afisa anapaswa kuliandika ombi hilo na kumpa nakala yake.

Usieleze sababu. Karani atakuuliza kwa upole, "Unazitakia nini?", na adabu zetu zitakusukuma umweleze. Mjibu kwamba sheria inasema sababu ya mwombaji haibadilishi haki yake, kisha umsalimie vizuri uendelee. Ukianza kueleza, unampa kitu cha kubishana nacho.

Mhuri

Chapa nakala mbili. Moja inabaki masjala, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa na unaondoka nayo. Usiondoke kabla ya kuusoma. Mihuri ya tarehe huzungushwa kwa mkono asubuhi, na karani akisahau, barua yako itaonekana ilifika jana au juzi. Wino nao ukikauka, mwezi hausomeki. Mwombe aandike tarehe kwa kalamu kando ya mhuri, jina lake, na saini. Ukituma kwa baruapepe, mwombe msaidizi wa bosi akujibu kwamba imefika, kisha chapa jibu hilo.

Ada ya kupata taarifa kwa kanuni za 2011 ni shilingi 20,000. Lipa benki kwa namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato, utunze risiti. Pesa ya mkononi kwenye korido haina jina.

Siku zinaanza kuhesabiwa

Kuanzia siku ya kupokelewa, ofisi ina siku 21 za kuamua. Inaweza kuongeza siku zisizozidi 21 nyingine, lakini ni lazima ikuandikie na kutoa sababu. Muda ukipita bila jibu, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na hapo mlango wa mahakama unafunguka. Hilo watu wengi hawalijui. Wanasubiri miezi, wanapiga simu, wanaambiwa "bosi yuko kwenye mkutano".

Ukikataliwa, kwa maandishi au kwa kimya, unapeleka malalamiko kwa Hakimu Mkuu, na usiporidhika unakwenda Mahakama Kuu. Uwe na macho makavu. Waandishi Charles Mwanguhya Mpagi na Angelo Izama walipoomba mikataba ya mafuta, Hakimu Mkuu wa Nakawa aliwakatalia mwaka 2010, akiona hawakuonyesha kwamba manufaa ya umma yalizidi madhara ya kutoa. Fundisho lake ni la kiutendaji: sababu huitaji kwenye fomu, lakini mbele ya hakimu uje na aya nzuri kuhusu manufaa ya umma, maana sheria ina kipengele kinachofungua hata taarifa ya siri pale manufaa hayo yanapozidi madhara.

Kwa data binafsi, malalamiko huenda kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya TEHAMA. Tofauti na wanavyodhani wengi, mashauri huko huisha. Mwaka 2021 uchunguzi wa NITA-U ulikuta kampuni ya bodaboda ya SafeBoda imewapa watu wa nje data za wateja bila kuwaeleza wateja hao, na Julai 2025 malalamiko ya Waganda wanne yaliifanya ofisi hiyo kuiamuru Google ijisajili. Lakini hizo ni kampuni. Kwa idara za dola, sheria ileile ya 2019 inaruhusu kukusanya data bila ridhaa yako kwa usalama wa taifa na kwa uchunguzi wa makosa.

Tahadhari moja kabla hujanukuu vifungu: sheria zote zilipangwa upya katika toleo lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na namba nyingi zimehama. Mwongozo wa zamani unaoupata mtandaoni utakupa kifungu kisicho chenyewe.

Kutoka ombi hadi Bungeni

Ukisha kuwa na majibu, au barua ya kukataliwa, unaweza kuliomba Bunge libadilishe sheria. Raia hawasilishi ombi bungeni mwenyewe. Linasomwa na mbunge, kwa hiyo anza na wako wa jimbo au mbunge mwanamke wa wilaya yako. Wanasiasa si wagumu kuwaeleza jambo hili: Novemba 2021 Norbert Mao, kiongozi wa chama cha DP, alisema Apple imemwonya kwamba simu yake imelengwa na wadukuzi wa kiserikali, na mwaka uliofuata akawa Waziri wa Sheria.

Ombi linaandikwa kwa Bunge, linaeleza malalamiko kwa ufupi, na linamalizia na maombi yaliyo wazi, yakifuatiwa na saini au alama za dole gumba. Mwishoni omba mambo yanayoweza kuandikwa kama kifungu: ripoti ya kila mwaka ya idadi ya vibali, kumjulisha aliyenaswa uchunguzi ukiisha, na jaji aingizwe katika sheria ya ugaidi. Mbunge anaweza pia kuleta muswada binafsi, ila hapo itabidi apate cheti cha gharama kutoka Wizara ya Fedha. Njia hiyo haina upande: marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, yaliyoongeza makosa ya mtandaoni badala ya kuyapunguza, yalitoka kwa muswada binafsi wa Muhammad Nsereko.

Likishasomwa, ombi hupelekwa kamati, mara nyingi ya Ulinzi na Mambo ya Ndani au ya TEHAMA. Tafuta namba ya karani wa kamati hiyo mapema. Yeye ndiye anayepanga siku ya kukuita kutoa maelezo, na barua ya wito inaweza kufika usiku wa kuamkia kikao.