Kipimo cha kamera kwa mwenye kiungulia: namna ya kujiandaa

Wengi mkipangiwa kipimo cha kamera ya tumbo, ile OGD, mnachouliza ni kufunga kula tu. Kufunga ni rahisi. Kinachovuruga majibu ni omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Mtu ameimeza mwezi mzima, kiungulia kimetulia, kamera inapita kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, uliokwisha kupona. Anarudi na karatasi iliyoandikwa "kawaida", dawa ikiisha kifua kinawaka upya.

Hatua ya 1: siku ya kupewa tarehe

Mtajie daktari dawa zote unazotumia, za mitishamba pia, kisha muulize: nije nikiwa kwenye dawa au niwe nimeacha? Akitafuta uhakika kama kweli asidi inapanda, kwa kawaida atakuachisha omeprazole, esomeprazole, pantoprazole au lansoprazole wiki 2 kabla. Muda huohuo unahitajika kama watapima bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, na hapo antibiotiki ziwe zimeachwa wiki 4. Ila kama vidonda vya umio vilishaonekana na sasa anafuatilia kama vimepona, huenda akakuambia uendelee. Usiache kwa sababu jirani aliachishwa.

Wiki hizo 2 hazina raha, tusidanganyane. Tumbo lililozoea dawa hizi likizikosa huweza kumwaga asidi kuliko mwanzo, na hapo ndipo watu wanaporudia kidonge kimyakimya. Kula kidogokidogo. Chakula cha usiku kiishe saa 3 kabla ya kulala. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Kurundika mito kunakunja tumbo tu. Chipsi na maandazi vipumzike. Vidonge vya magnesium vya kutafuna kwa kawaida huruhusiwa mpaka siku moja kabla.

Hatua ya 2: dawa zisizoguswa bila ruhusa

Warfarin, clopidogrel na nyingine za kuzuia damu kuganda: usiache mwenyewe, anayeamua ni daktari. Dawa za presha kwa kawaida humezwa asubuhi kwa funda la maji. Mwenye kisukari aombe awe wa kwanza kwenye foleni na aelekezwe kiasi cha insulini cha siku hiyo, maana insulini bila chakula inaweza kumwangusha.

Hatua ya 3: usiku na asubuhi

Miadi ikiwa saa 3 asubuhi, kula mara ya mwisho saa 2 usiku, kitu chepesi. Maji matupu unaweza kunywa hadi saa 2 kabla ya kipimo, isipokuwa hospitali yako imeelekeza vingine. Maziwa ni chakula, na chai ya maziwa vilevile. Dawa nyeupe ya maji ya kiungulia usinywe asubuhi hiyo, inapaka ukuta wa tumbo na kamera haioni vizuri.

Hatua ya 4: chumbani

Vua meno ya bandia. Utapuliziwa ganzi kooni, utalalia ubavu wa kushoto. Mpira wenye kamera una unene wa takriban sentimita 1 na unapita njia ya chakula, siyo ya hewa, kwa hiyo pumua taratibu kwa pua. Mate yaache yatiririke, hakuna atakayekushangaa. Dakika 5 hadi 15 kazi imekwisha.

Maswali ya wanachama

*Dada nesi, nimefunga Ramadhani. Saumu inatosha?*

Inategemea daku. Ukila saa 10 na nusu alfajiri na kipimo kikawa saa 3 asubuhi, ni saa 4 na nusu tu, hazitoshi. Omba miadi ya mchana. Kuhusu saumu yenyewe, muulize sheikh wako, na umwambie kuwa maji hupitishwa kwenye mpira.

*Naogopa kukabwa. Naweza kuchomwa sindano ya usingizi?*

Unaweza, kama hospitali yako inayo. Ila uje na mtu mzima wa kukurudisha, na kwa saa 24 usiendeshe gari wala bodaboda. Wa ganzi tu anaondoka mapema, lakini asile mpaka ganzi iishe, kama saa 1, na aanze na maji.

*Shikamoo. Baba anakwamwa na chakula na amekonda sana. Naye aache dawa wiki 2 kwanza?*

Marahaba mwanangu. Hapana, baba asisubiri. Kukwamwa, kukonda, kutapika damu au choo cheusi kama lami ni vya kuonwa na daktari haraka. Mpeleke wiki hii, akitapika damu mpeleke leo.

*Kamera imesema kawaida na bado naungua. Ina maana sina kitu?*

Sivyo. Wengi wenye asidi inayopanda umio wao hauonyeshi mchubuko. Muulize daktari kuhusu kipimo cha asidi cha saa 24: mrija mwembamba kupitia puani, kifaa cha kurekodi kiunoni, unakula na kufanya kazi kama kawaida, ukiungua unabonyeza kitufe. Kwa kipimo hicho, omeprazole huachwa siku 7 kabla. Asidi ikikaa kwenye umio zaidi ya asilimia 6 ya muda, tatizo limethibitika. Chini ya asilimia 4, chanzo kitafutwe kwingine. Na kama kifua kinakubana ukipanda ngazi, upimwe moyo kabla ya yote hayo.